Kichwa Kwanza, Kifua Baadaye

Mtu akiniambia anashona nguo za watoto, swali langu huwa moja: kichwa unapima? Wengi hucheka. Wanapima kifua, mabega, kiuno na urefu, wanaandika kwenye daftari, basi. Kichwa wanamwachia mshona kofia. Gauni linakamilika, limepigwa pasi, limependeza, mama anaanza kumvisha binti yake na shingo inagoma masikioni. Mtoto analia, mama anavuta, fundi anashika mkasi apasue mgongoni na kutia zipu ambayo haikuwa kwenye hesabu.

Mtoto mchanga anazaliwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kichwa hicho ni karibu robo ya urefu wake wote. Kwetu sisi watu wazima ni kama sehemu moja ya nane. Akitimiza mwaka, kichwa kimeshafika sentimita 46, na kifua ndiyo kwanza kinalingana nacho. Akiwa na miaka 3 kichwa kinakaribia 50, akiwa na 5 ni 51 hivi. Miguu inarefuka, mikono inarefuka, lakini kichwa kati ya mwaka 1 na 5 kinaongezeka kama sentimita 5 tu, kwa sababu kazi yake kubwa kilishaimaliza mapema. Shingo ya mtoto huyo wa miaka 3 nayo ni nyembamba, kama sentimita 25 au 26. Kwa hiyo ukikata shingo ya gauni kwa kufuata shingo ya mwenye gauni, umekata tundu la 26 linalotakiwa kupitisha kitu cha 50. Hapo hakuna ufundi utakaokuokoa.

Dawa zipo. Kwa mtoto wa kunyonya napenda mabega ya kupishana, yale ya fulana za watoto wachanga, ambapo kipande cha mbele na cha nyuma vinalaliana begani bila kushonwa juu. Shingo inafunguka kadiri unavyovuta. Halafu kuna faida ambayo wazazi wapya huwa hawaijui: nepi ikivuja mpaka mgongoni, nguo hiyo huipitishi kichwani. Unaishusha, inapita mabegani, inatokea miguuni, uso wa mtoto unabaki safi. Kwa anayeanza kutembea naweka vifungo viwili kwenye bega moja. Kuanzia miaka 3 nafungua mbele. Nasisitiza mbele. Zipu ya mgongoni inamfaa anayevalisha, na anayevaa hawezi kuifikia.

Na hapo ndipo ninapogombana na wateja, maana nguo nyingi za watoto tunazishonea picha. Picha inapigwa mara moja, gauni linavaliwa kutwa nzima. Mimi nikikata kitambaa namfikiria mtoto akiwa peke yake chooni shuleni, haja imembana, mwalimu ana wenzake 40 wa kuwaangalia. Mikono yake itaweza? Kama haitaweza, sijali nguo imependeza kiasi gani. Ndiyo maana mtoto wa chekechea simshonei jampsuti, ile blauzi na suruali zilizoungana. Mama anakuja na simu yake, ananionyesha picha: kitoto cha watu kimevaa jampsuti ya kitenge, kola pana, mkanda kiunoni.

"Fundi, nataka hii hii."

"Dada, huyu wako keshaanza shule?"

"Yuko chekechea."

"Basi tumshonee blauzi na suruali za kitambaa kimoja. Mkanda tunaushona juu ya blauzi. Kwenye picha hakuna atakayejua."

Wengi hukubali. Wachache huenda kwa fundi mwingine, na mtaani mafundi hatukosekani.

Mtoto wa miaka 2 hana kiuno, ana tumbo. Watu wanalisahau hili kwa sababu neno kiuno lipo kwenye daftari na lina nafasi yake ya kujazwa. Ukimwekea sketi ya mkanda mgumu, itateremka chini ya tumbo au itapanda juu ya kitovu, na kutwa atakuwa anaivuta. Gauni lake liangukie kutoka kifuani, marinda yaanze chini kidogo ya makwapa, tumbo lipate uwanja. Mbele uache kitambaa kirefu kuliko nyuma kwa sentimita mbili hivi, la sivyo tumbo litalinyanyua pindo na gauni litaonekana limekatwa upogo. Suruali ya mwenye nepi iwe na nafasi nyuma, si mbele, na njia ya kati, ule mshono unaopita kati ya miguu kutoka mbele hadi nyuma, iwe ndefu. Lastiki usiipime kwa kuivuta ikaze. Iwe fupi kuliko kiuno kwa sentimita 3 au 4, basi. Mtoto aliyeachwa na alama nyekundu kuzunguka tumbo hataweza kukueleza kinachomsumbua. Ataivua tu mbele ya wageni.

Na mfuko. Weka mfuko. Gauni la binti pia liwe na mfuko, tena wa kuingia ngumi nzima, kwa sababu kuna mawe ya kuokota, kuna vizibo vya soda, kuna nusu ya andazi inayohifadhiwa kwa ajili ya baadaye. Mfuko mmoja wa rangi tofauti kwa mbele unamsaidia pia mtoto kujua mbele ni wapi bila kuuliza mtu.

Mafundi wengi wa mtaani tunakata bila pateni, yaani karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo. Unatandaza kitambaa mezani, unapiga chaki, unakata. Kwa watu wazima mazoea yanatosha, ila kwa watoto nilishaamua: kila umri una pateni yake, nimezikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji, zile za ndani zilizo safi, zimetundikwa msumarini. Karatasi ile ni ngumu, haichaniki ovyo, na haigharimu kitu ukiwa na jirani anayejenga. Pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1863, na aliyezitoa ni fundi wa Massachusetts aitwaye Ebenezer Butterick. Kazi zake za mwanzo zilikuwa nguo za wanaume na wavulana. Kabla ya hapo ukinunua pateni ilikuwa saizi moja, kupanua au kupunguza ni juu yako. Kwa nguo ya mtu mzima unaweza kubahatisha. Kwa watoto wawili wa mama mmoja, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa 7, ukibahatisha umeharibu vitambaa viwili.

Umri wenyewe nao unadanganya. Saizi za watoto za Ulaya ni urefu wa mwili kwa sentimita, zinapanda sita sita: 92, 98, 104, 110, 116. Ukikuta lebo ya 104 kwenye mtumba, maana yake nguo ni ya mtoto mwenye urefu wa sentimita 104, awe na miaka 3 au 5. Nimeichukua hesabu hiyo moja kwa moja. Mteja akisema "ana miaka mitano," naitikia, halafu namsimamisha mtoto ukutani. Sita sita hizo pia zinakaribiana na kukua kwa mwaka mmoja katika umri huo, na hapo ndipo siri ya upindo ilipo.

Kanzu ya sikukuu, kwa mfano. Mzazi anataka kanzu ya mtoto inunuliwe kubwa ili adumu nayo, na mtoto anaishia kukanyaga pindo uwanjani na kuanguka na juisi mkononi. Kanzu iishie kwenye kifundo cha mguu, isizidi. Kinachobaki kinakunjwa ndani: upindo wa sentimita 6 chini, na mkunjo mmoja wa ndani kwenye mkono, ushonwe kwa mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Idi ile ile inarudi kila baada ya siku 354 au 355, na kabla ya mwaka kutimia mtoto hajakua kuzidi upindo huo. Unafumua, unapiga pasi ya maji, mstari wa zamani ukikataa kufutika unaupitishia utepe au mshono wa urembo, na kanzu inaswaliwa Idi ya pili. Mafundi wengine hawapendi kuwafundisha wateja jambo hili. Mimi naona mteja aliyevaa kanzu yangu Idi mbili atarudi na mdogo wake.

Ila jamani msilete vitambaa kumi la mwisho. Kila Ramadhani tunasema, kila Ramadhani usiku wa kuamkia Idi kuna baba amesimama mlangoni ana kitambaa kwenye mfuko wa nailoni, anasema ni kanzu moja tu, ya mtoto tu.

Kitambaa ninachokipenda kuliko vyote kwa watoto ni kanga. Kitenge ni kizuri, kinasimama, kinafaa kwa marinda na kwa mapambo nitakayoyaeleza, lakini kwa joto la Dar es Salaam kanga iliyofuliwa mara kadhaa haina mpinzani: ni pamba, nyepesi, haikwaruzi. Upande mmoja wa kanga una upana wa mita moja na nusu na urefu wa kama sentimita 110. Ukiukata katikati kwa mlalo unapata vipande viwili vya sentimita 55, na hiyo ndiyo gauni la mtoto wa miaka 3, mbele na nyuma. Pindo la juu la kanga linakuwa chini ya kipande kimoja na pindo la chini linakuwa chini ya kipande cha pili. Huna haja ya kukunja upindo, urembo umeshakuja na kitambaa. Chagua tu mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, usio na juu wala chini, maua ya kutawanyika au madoa, maana kipande kimoja kitageuzwa. Maduka ya mtaa wa Uhuru yanakupa uchaguzi wa kutosha, na ukiwa na subira muuzaji atakufunulia doti hadi utosheke.

Jina la kanga sasa. Jina linakaa juu kidogo ya pindo la chini, kwa hiyo litaangukia kwenye gauni, mbele au nyuma, utakavyo wewe. Soma kabla hujakata! Nimewahi kuona kisichana cha miaka 4 kikirukaruka kwenye sherehe ya watu, na nyuma, juu ya magoti, imeandikwa "Hasidi hana sababu". Mama mkwe wa mwenye sherehe aliisoma, akaisoma tena, akauliza mtoto wa nani. Mama wa mtoto alikuwa hana ubaya na mtu, alipenda rangi tu. Nenda na majina ya kumshukuru Mungu au ya kutakia heri, au likate kabisa ulitumie ndani kama bitana ya kifua.

Kitenge kifuliwe kabla ya kukata. Pamba ikipata maji inarudi, inakuwa fupi, na gauni lililokuwa limemkaa sawa Jumamosi linakuwa blauzi baada ya kufuliwa. Hilo halina mjadala.

Basi twende kwenye vipande vinavyobaki, maana mapambo ya kuchezea watoto kwangu yanatoka huko.

Kabla ya cherehani, watoto wa pwani walikuwa wanajipamba wenyewe na bado wanajipamba. Ukuti mbichi unautoa chelewa, unabaki na kanda mbili laini, unazipishanisha mpaka upate mraba mdogo, ncha zinazunguka kiganjani na kuchomekwa chini: saa. Chelewa ile iliyotolewa inakunjwa inakuwa miwani. Lakini kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni mkufu wa jani la muhogo. Unachuma jani na kikonyo chake kirefu. Unakivunja kikonyo kipande kidogo, kama urefu wa kucha, lakini hukikati. Unakivuta polepole upande mmoja ili ganda likatike pale na lichunike upande wa pili, likibaki utepe mwembamba. Kipande kinachofuata unavunja kuelekea upande wa pili. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ulifikie jani. Unapata nyuzi mbili za ganda zenye vipande vya kijani na vyekundu vinavyoning'inia kama shanga, na jani lenyewe linakuwa kidani kifuani. Ukivunja kwa pupa ganda linakatika, unaanza na jani lingine. Watoto wa miaka 6 wanaifanya kazi hiyo huku wanaongea. Ningepata mwanafunzi wa ushonaji mwenye vidole hivyo ningemshukuru Mungu.

Kwa hiyo fundi anapomshonea mtoto taji au mabawa anaingia kwenye mchezo ambao wenyewe wanaumudu. Hawahitaji vazi kamili. Mtoto akipata mkia tu, keshakuwa simba. Manyoya, makucha na muungurumo anajitolea mwenyewe. Mavazi yale ya dukani ya kichwa hadi miguu, ya kitambaa cha nailoni chenye manyoya, kwa hali ya hewa yetu ni mateso. Nyuzi joto 30 na zaidi, unyevu wa bahari, mtoto yuko ndani ya manyoya. Mwanamichezo mzima angeomba maji. Mimi simba namfanya kwa utepe wa kichwani: vipande vya kitenge vya rangi ya udongo, njano na kahawia vimekatwa vyembamba, urefu wa kiganja, vimefungwa mafundo kwenye lastiki pana. Ukishavifua mara moja ncha zinachambuka na manyoya yanakuwa halisi zaidi. Uso unabaki wazi. Barakoa za uso mzima sizishoni, kwa sababu mtoto mwenye barakoa hukimbia vile vile, ila haoni pembeni.

Taji linarudi kwenye ile habari ya vichwa, na safari hii ni habari njema: kwa kuwa kichwa hakibadiliki sana kati ya miaka 2 na 6, taji moja linawatosha watoto wote wa nyumba. Kata kitenge vipande viwili vya urefu wa sentimita 42, uvipe meno juu upendavyo, gamu ya kupigia pasi (kitambaa kigumu kinachoshika kwa joto) katikati ili lisimame. Ukishona na kugeuza utabaki na sentimita 40. Nyuma uweke lastiki yenye sentimita 8 ikiwa imelala. Ikivutwa inafika 14. Hapo taji linaenea kichwa cha 48 mpaka cha 54. Kabla ya kugeuza, punguza mshono kwenye kila ncha na uchane kidogo kwenye kila pembe ya ndani, la sivyo meno yatatoka butu na taji litafanana na ukuta uliobomoka. Gundi usitumie. Gundi inakauka, inakwaruza paji la uso, na taji haliwezi kufuliwa, nalo litaangukia kwenye mchuzi siku ya kwanza.

Kofia za mahafali ya chekechea zina hesabu ile ile. Mwezi wa 11 mwaka wa shule unapoishia, kila shule ya awali inataka majoho na kofia za mraba, na picha tunazoziona ni za watoto walioshika kofia kwa mikono miwili kwa sababu zimewafunika macho. Kofia ile ilibuniwa ikae kwenye kichwa cha mtu mzima cha sentimita 56 hivi. Kwa mtoto, ule mraba usizidi sentimita 18 kila upande, kadibodi nyepesi ndani, na mkanda wa chini uwe na lastiki nyuma. Joho liishie chini kidogo ya goti, mikono isifunike vidole. Mtoto atapanda ngazi za jukwaa, atapokea cheti, atashuka. Kila moja kati ya hayo linamhitaji aone miguu yake.

Ninapowaza mavazi ya kuigiza na nguo za kawaida namkumbuka yule mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, Albert Edward, ambaye mwaka 1846 akiwa na miaka 4 alivalishwa sare ya baharia iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Mchoraji Winterhalter akamchora amevaa hivyo. Lilikuwa vazi la kumfurahisha mama na mabaharia wa meli yao, lakini watu wakalipenda, na kola ile pana ya baharia ikaenea kwenye nguo za watoto nchi hadi nchi, mpaka ikawa sare ya wasichana wa shule Japani. Sababu moja naiona kwa macho ya fundi: shingo ya mbele iko wazi kwa umbo la V, haibani, na suruali haina makuu. Mtoto anaweza kucheza humo.

Mabawa ya kipepeo ndiyo kazi inayoagizwa kuliko zote. Sitayaeleza yote, ila mambo mawili ya msingi. Bawa lishonwe pande mbili za kitenge na gamu katikati, halafu upitishe mshono mnene wa rangi nyeusi kufuata mishipa ya bawa. Ile mishipa si urembo tu, ndiyo inayolizuia bawa lisilegee. Na mabawa yashikiliwe na lastiki za kupita mabegani, mfano wa begi la shule, na vitanzi viwili vidogo vya vidole kwenye ncha ili mtoto akinyoosha mikono yafunguke. Shingoni kusiwe na kamba.

Hili la kamba silifanyii mzaha. Kamba ya shingoni inanasa kwenye bembea, kwenye ngazi ya kutelezea, kwenye mlango wa bajaji. Ulaya wana kiwango kiitwacho EN 14682 kinachokataza kamba za kufunga kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wa chini ya miaka 7, na Marekani walitoa mwongozo wao wa kamba za makoti ya watoto mwaka 1996. Havikuandikwa kwa kupenda kuandika. Kuna watoto walinyongwa. Joho la shujaa mimi nalifunga kwa velkro kipande kidogo shingoni: likinasa popote linabanduka, mtoto anaendelea na ushujaa wake.

Shanga na vifungo nazo zina kipimo. Sheria ya Marekani ya vitu vya kuchezea inataka kitu cha mtoto wa chini ya miaka 3 kisiwe na kipande kinachoingia kwenye mrija wenye upana wa milimita 31.7. Ukubwa huo ni karibu sawa na kizibo cha soda. Basi kila urembo unaoweza kujificha chini ya kizibo hauwekwi kwenye nguo ya mtoto anayetia vitu mdomoni. Darizi badala yake. Jicho la sungura la kudarizi halimezeki.

Na moto. Neti ile ya magauni ya malaika na mabinti wa mfalme ni nailoni au poliesta. Ikiguswa na moto inayeyuka na kung'ang'ania ngozi. Mwaka 2015 mtangazaji wa Uingereza Claudia Winkleman alisimulia hadharani jinsi vazi la sherehe la binti yake lilivyoshika moto wa mshumaa mwaka uliotangulia, na watu wakagundua kwamba kule mavazi ya kuigiza yanapimwa kwa kanuni za vitu vya kuchezea, si za nguo za kulalia ambazo ni kali zaidi. Wao walikuwa na mshumaa. Sisi tuna jiko la mkaa barazani, chini kabisa, usawa wa magoti ya mtoto, na keki ya siku ya kuzaliwa yenye mishumaa inayozimwa na wanne kwa pamoja. Mteja akitaka neti nampunguzia: tabaka moja fupi juu ya sketi ya pamba, isifike chini ya magoti, isitanuke. Akitaka tabaka sita, nampa anwani ya duka.

Limebaki la bei, ambalo wengi mnaniuliza mkidhani nina jibu tamu. Gauni la mtoto linakula kitambaa robo ya la mtu mzima, lakini halipunguzi mshono hata mmoja. Mabega mawili, mbavu mbili, mikono miwili ya kuunganisha, shingo, upindo, vifungo. Na mkono wa gauni la miaka 2 una mzunguko mdogo kiasi kwamba mguu wa cherehani hauzunguki humo ndani. Lazima uushone ukiwa bapa, uutie ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisichambuke, ndipo ufunge ubavu. Kuna siku blauzi ya mama inamalizika mapema kuliko ya mwanawe. Sasa mteja anashika gauni kwa vidole viwili, analiinua juu, anasema, "Fundi, si kadogo haka?" Namwambia kadogo ndiko kanakochosha. Wengine hucheka na kulipa. Wengine huenda soko la Karume kutafuta mtumba, na siwalaumu, mtumba wa watoto mara nyingi ni mzuri na umeshonwa vyema. Wiki inayofuata namwona mmoja wao anakuja na gauni la mtumba mkononi, zipu ya mgongoni imekufa, anauliza kuibadilisha ni bei gani, na nikimtajia anasema mbona gauni lenyewe amelinunua kwa chini ya hapo.